Mazimwi ya Shaba: Nakshi Zilizotoka Chini ya Roma

Kwenye dari la chumba kimoja kilichofukiwa chini ya Roma kuna jina lililokwaruzwa kwa kitu chenye ncha: Nicoletto da Modena, na mwaka wake, 1507. Wachoraji wengine nao waliacha majina yao humo, lakini hilo moja ndilo linalonishughulisha. Nicoletto alikuwa mchonga mabamba ya shaba. Kazi yake ilikuwa kuchora juu ya chuma picha za kuchapwa kwenye karatasi, na baadhi ya karatasi zake tunazo mpaka leo: paneli ndefu zilizosimama wima, zimejaa mazimwi, vinara, ngao, majani yanayozaa watu na watu wanaoishia kuwa majani. Aliingia shimoni kutazama nakshi za kale, akatoka na kitu ambacho, kwa maoni yangu, hakikuwamo mle shimoni.

Chumba chenyewe ni sehemu ya Domus Aurea, jumba ambalo Kaisari Nero alianza kulijenga baada ya moto mkubwa wa mwaka 64. Nero alikufa mwaka 68. Waliomfuata hawakutaka jumba lile liendelee kuonekana. Kaisari Trajan akajenga mabafu ya umma juu yake, na vyumba vikajazwa kifusi ili vibebe uzito. Zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu ikapita. Karibu mwaka 1480 watu wakaanza kuteremka humo kupitia matundu, wakadhani wameingia mapangoni, na michoro waliyoikuta wakaipa jina la mapango: grottesche. Mimi nitaziita groteski.

Shairi moja la Kiitalia la mwishoni mwa karne ya 15 linaeleza safari hizo. Wachoraji walitambaa kwa matumbo, wamebeba mkate, nyama ya nguruwe iliyokaushwa, matufaha na divai, huku wamezungukwa na vyura, popo na bundi. Walitambaa kwa sababu kifusi kilikuwa kimejaa mpaka karibu na dari, na hapo ndipo ninapoona mzizi wa habari yote. Vyumba vikubwa vya jumba hilo vina kimo cha karibu mita 10. Mchoraji wa Nero alipamba dari akijua kwamba mgeni atalitazama kutoka chini sana, ameegemea kochi la karamu, huku taa zinacheza. (Pliny Mzee, mwandishi wa Kirumi wa wakati huo, anamtaja mchoraji huyo, Fabullus, na anasema alifanya kazi saa chache tu kwa siku, amevaa joho rasmi la Kirumi hata akiwa juu ya jukwaa.) Kutoka huko chini vijinyama vile na vishina vile vilikuwa vidoa vya rangi tu, vinaelea kwenye uwazi mkubwa. Wasanii wa karne ya 15 waliviona kwa umbali wa pua. Walilala chini ya dari ambalo halikukusudiwa kutazamwa hivyo, taa mkononi, na kila kidude kikawajaa macho.

Ukiziweka picha mbili sambamba, dari la Nero na karatasi ya Nicoletto, tofauti inakuja mbele mara moja. Kwa Warumi, uwazi ndio unaotawala: mistari myembamba inagawa ukuta, kisha hapa ndege, pale kinyago, pale mnyama mwenye mabawa asiye na haraka. Kwa Nicoletto hakuna pa kuweka kidole. Kinara kinapanda katikati kama uti wa mgongo, na kulia na kushoto viumbe wamebanana mpaka ukingoni. Vitabu vingi husema kwamba wachonga shaba walieneza groteski za kale. Mimi nasema waliziunda upya, na kilichowasukuma kuziunda hivyo ni shaba yenyewe.

Nieleze kazi inavyofanyika. Mchongaji huweka bamba la shaba lililosuguliwa likang'aa juu ya mto mdogo wa ngozi uliojazwa mchanga. Mkono mmoja unashika patasi ndogo, ufito wa chuma cha pua wenye ncha iliyonolewa mshazari na kishikio cha mti kinachokaa kiganjani. Haichorwi kwa kuvuta kama kalamu. Husukumwa mbele, nayo inang'oa uzi mwembamba wa shaba na kuacha mfereji. Anapotaka mstari upinde, mkono wa patasi hautembei sana. Mkono wa pili ndio unaoligeuza bamba juu ya mto, na mstari unajikunja wenyewe. Baadaye wino unapakwa, uso wa bamba unafutwa, wino unabaki mifereji tu, kisha karatasi yenye unyevu inapitishwa pamoja na bamba kati ya magogo mawili ya mashine, nayo inanyonya wino.

Nilipoelewa habari ya mto wa ngozi, nilielewa pia kwa nini karatasi hizi zimejaa majani yanayojisokota. Jani la akantho (mmea wa miiba wa nchi za Mediterania) linalojikunja, mkia wa nguva unaozunguka mara mbili kabla ya kugawanyika, pembe ya mbuzi: vyote hivyo ni mwendo ambao chombo hiki kinaupenda. Mchoraji wa ukutani angeweza kuchagua umbo lolote. Mchonga shaba naye, bamba lilikuwa linamzungukia mkononi, na mzunguko ukazaa majani.

Halafu kuna rangi. Dari za Nero zilikuwa na wekundu, samawati na dhahabu. Shaba haina hayo. Ina wino na weupe wa karatasi basi. Kwa hiyo wachongaji wengi walichukua eneo lililo nyuma ya viumbe wakalijaza mistari iliyopishana mpaka likawa giza, viumbe wakabaki weupe mbele yake. Uwazi wa Warumi ukageuka usiku. Jambo hili limebadilisha tabia ya mazimwi yenyewe. Kinyago kinachoelea kwenye ukuta mweupe ni mchezo; kinyago kilekile kikichomoza gizani kinakutazama.

Nicoletto hakuwa wa kwanza kuipenda mitindo hii. Mwaka 1502, mkataba wa mchoraji Pinturicchio wa kupamba maktaba ya Kardinali Piccolomini kwenye kanisa kuu la Siena tayari ulitaja dari la mtindo "unaoitwa siku hizi grottesche". Miaka kumi na kitu baadaye mchoraji Raphael na fundi wake Giovanni da Udine walizipaka kwenye baraza za Vatikani, na hizo ndizo watalii wengi hupigia picha. Lakini ukuta wa baraza la Papa hausafiri. Karatasi husafiri.

Na kulikuwa na upinzani tangu siku ya kwanza. Katika miaka hiyohiyo ya 1480 kitabu cha Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, kilichapwa kwa mara ya kwanza. Humo msanifu huyo anawashambulia wachoraji wa wakati wake wanaopaka matete mahali pa nguzo, vinara vinavyobeba mahekalu, na vishina vinavyochipua nusu watu. Mambo hayo, anasema, hayapo, hayawezi kuwapo, wala hayajawahi kuwapo. Tete litabebaje paa? Mtu wa Renesansi, enzi hiyo ya kufufua sanaa na elimu ya kale, aliyewaheshimu wakale alijikuta na mashahidi wawili wa kale wanaopingana, kitabu kinachokataza na dari linaloruhusu. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1582, Kardinali Gabriele Paleotti wa Bologna aliandika kurasa nyingi za kuzikemea groteski, akizihusisha na giza la chini ya ardhi na ibada za kipagani, hazifai kanisani kabisa.

Namheshimu Vitruvius, ila nadhani aliangalia mahali pasipo penyewe. Kweli tete halibebi paa. Lakini tazama karatasi yoyote nzuri ya groteski uone nidhamu iliyomo. Kila kitu kimening'inia kwenye mhimili mmoja. Kiumbe wa kushoto ana mwenzake wa kulia; uzito unashuka kutoka ngao hadi bega, kutoka bega hadi mkia, kutoka mkia hadi chungu kilicho chini. Zimwi haliruhusiwi kuwepo mpaka limepata pacha wake na pa kukanyaga. Uhuru wa groteski umesimama juu ya sheria kali kuliko ile ya picha ya kawaida, na mchongaji akiivunja, karatasi nzima inaanguka machoni pako. Kuna na faida ya kiufundi ambayo naipenda: picha ya shaba ikichapwa hutoka imegeuzwa, kulia kushoto, na mchongaji wa picha ya watu lazima akumbuke hilo la sivyo askari wake atashika upanga kwa mkono wa kushoto. Nakshi yenye pacha pande zote haidhuriki kitu.

Kaskazini ya milima ya Alps habari ilikuwa nyingine. Huko mazimwi walikuwapo tayari. Kingo za vitabu vya sala vya enzi za kati zilijaa nyani, konokono na watu wenye miguu ya ndege. Wachonga shaba wa kwanza wa Ujerumani walitoka kwa masonara; baba yake Martin Schongauer alikuwa sonara, vilevile baba yake mchoraji Albrecht Dürer, na Israhel van Meckenem wa Bocholt alikuwa sonara mwenyewe. Schongauer alichonga jani moja kubwa lenye bundi ndani yake, ndege wa mchana wamemzunguka wakimsumbua. Ilikuwa karne ya 15, mbali na mashimo ya Roma. Groteski za Italia zilipofika, hazikukuta ardhi tupu.

Heinrich Aldegrever, aliyeishi mji wa Soest, ndiye ninayempenda zaidi katika kundi hilo. Alichonga picha karibu 290, na karibu theluthi yake ni nakshi tupu: majani, watoto wenye mabawa, ala za majambia zilizopambwa kuanzia mdomo hadi ncha. Alichonga mihuri pia, na unaona mkono wa sonara katika kila unyoya. Sebald Beham wa Nuremberg alifanya kazi ndogo zaidi. Picha zake nyingi hazizidi ukubwa wa kiberiti. Ninapozifungua kwenye tovuti ya Rijksmuseum, jumba la makumbusho la Amsterdam, ambayo inaruhusu mtu yeyote kupakua picha zake bure, kioo cha kompyuta kinazikuza mpaka nasahau. Basi nilikwenda steshenari nikachapisha moja kwa kipimo chake halisi. Kijana wa mashine aliniuliza kama nina hakika, maana karatasi nzima ilikuwa nyeupe na katikati kuna kidude. Nikakata kile kidude, nikakiweka kiganjani, ndipo nikaona maana ya kazi ile. Manyoya ya shingo ya kiumbe yule ni mistari ambayo jicho langu linaihisi bila kuweza kuihesabu. Mtu aliisukuma kwa mkono, ndani ya chuma, kinyumenyume, kwa mwanga wa dirisha.

Beham, ndugu yake Barthel na mwenzao Georg Pencz walifukuzwa Nuremberg mwaka 1525 kwa ajili ya misimamo yao ya dini. Miaka 19 baadaye Cornelis Bos, mchonga groteski wa Antwerp, mji wa Ubelgiji ya leo, naye alifukuzwa mjini kwake kwa kuhusishwa na kundi la waasi wa dini. Sisemi kwamba mazimwi yaliwafanya waasi. Naona tu kwamba nakshi ilikuwa mahali ambapo hakuna kasisi wala mkuu wa mji aliyekuja kuuliza picha hii ina maana gani, na watu wenye vichwa vigumu walipata pa kupumulia.

Antwerp, katikati ya karne ya 16, ndipo mambo yalipochemka. Cornelis Floris, mchongaji mawe aliyezaliwa mwaka 1514, alikwenda Roma akiwa kijana. Aliporudi hakuchora mapango tena kama yalivyo. Alichanganya groteski na mtindo uliokuwa umezaliwa Fontainebleau, Ufaransa, katika miaka ya 1530, ambako mchoraji wa Kiitalia Rosso Fiorentino alitengeneza kwa lipu mafremu yanayofanana na mikanda ya ngozi nene iliyokatwa, ikatobolewa, ikakunjwa ncha zake. Floris akaichukua mikanda hiyo na kuwafungia mazimwi ndani. Katika mkusanyo aliouchapisha mwaka 1556, viumbe wake hawaelei wala hawapandi vinara. Wamebanwa. Miguu imepitishwa kwenye matundu ya mikanda, shingo zimekwama, mikono inasukuma fremu. Ni mazimwi wenye shida, na mara ya kwanza nilipowaona nilikaa nao muda mrefu kuliko picha yoyote ya Italia.

Mwaka mmoja kabla, 1555, Frans Huys alichonga kutoka michoro ya Floris mfululizo wa vinyago. Nyuso hizo zimejengwa kwa makombe ya bahari, mapezi ya samaki, majani na vipande vya ngozi, na ukikazia macho huwezi kusema shavu linaanzia wapi na kombe linaishia wapi. Mtu wa pwani aliyezoea kuokota makombe ataziona kwa jicho lake mwenyewe. Mimi kila ninapozirudia natafuta kiungo, pale ambapo ngozi inageuka kuwa kitu kingine, na Huys hajawahi kunionyesha mshono.

Mkusanyo wa 1556 ulitolewa na Hieronymus Cock, ambaye duka lake la uchapaji, lililoanzishwa mwaka 1548, liliitwa Pepo Nne, yaani pepo za upepo, si mashetani. Aliliendesha pamoja na mkewe, Volcxken Diericx. Cock alikufa mwaka 1570, na Volcxken akaiendeleza biashara ile miaka 30 mingine, mpaka kifo chake mwaka 1600. Jina la mume ndilo linalochapwa kwenye vitabu, lakini sehemu kubwa ya uhai wa duka lile ilikuwa mikononi mwa mwanamke huyu aliyeyatunza mabamba na kuyachapa tena na tena.

Katikati ya fremu nyingi za Antwerp hakuna kitu. Wino haukupita, karatasi imebaki tupu. Aliyenunua ndiye aliyejaza: maandishi ya kaburi, nembo ya ukoo, jina la ramani. Michel de Montaigne, mwandishi wa Ufaransa, katika makala yake kuhusu urafiki iliyochapwa mwaka 1580, alisimulia alivyomtazama mchoraji akiweka picha nzuri katikati ya ukuta na kuijaza nafasi ya pembeni groteski, kisha akasema kwamba maandishi yake mwenyewe ni groteski hizo za pembeni, kwa kuwa picha ya katikati hana uwezo wa kuichora. Mtu aliyeupa uandishi wa aina ya makala jina lake alijiona ni mnakshi wa pembezoni. Hilo linanipa moyo kila ninapoandika hapa.

Na katikati ya fremu mojawapo tumo sisi, kwa namna fulani. Mwaka 1570, mjini Antwerp, Abraham Ortelius alitoa atlasi yake, na ramani ya Afrika iliyomo ina jina lake ndani ya fremu ya mikanda iliyokunjwa kwa mtindo wa akina Floris. Ukiupandisha mkono kwenye pwani ya mashariki unakuta Quiloa, Mombaza, Melinde, yaani Kilwa, Mombasa na Malindi, zimeandikwa kama Wareno walivyozisikia. Kuna na undugu wa kina zaidi. Maduka yaleyale yaliyouza groteski yaliuza pia nakshi za kusokotana walizoziita za Kiarabu, zilizofika Ulaya kupitia vyombo vya shaba na nguo kutoka nchi za Kiislamu, hasa kwa mlango wa Venice. Mwaka 1530 Francesco Pellegrino alichapisha Paris kitabu kizima cha nakshi hizo kwa ajili ya mafundi na watarizi. Msomaji wa Lamu au Unguja akizitazama hatahitaji maelezo: mstari unaozunguka, unapita chini ya wenzake, unarudi, hauna mwanzo. Zimwi halimo. Wachongaji wengine walianza kuzichanganya, mikia ya groteski ikajifunga kwa mafundo yale.

Wengi huziona karatasi hizi kama picha za kutundika. Zilikuwa vyombo vya kazi. Sonara alinunua moja kwa ajili ya kikombe, fundi wa silaha kwa bamba la kifua, seremala kwa kabati, mfinyanzi kwa sahani. Fundi angetoboa mistari kwa sindano, akapitisha unga wa mkaa kwenye matundu, na mchoro ukahamia kwenye mti au ukuta. Karatasi iliyofanya kazi vizuri ilichakaa ikatupwa. Baadhi ya miundo inaonyesha upande wa kushoto tofauti na wa kulia kwa makusudi, fundi achague autakao. Jacques Androuet du Cerceau wa Ufaransa, aliyetoa groteski zake ndogo mwaka 1550 na kuzitoa tena 1562, alinakili waziwazi kazi za Waitalia, na hakuna aliyeshangaa.

Kwa njia hiyo zilivuka bahari. Katika jimbo la Hidalgo, Meksiko, kuna kanisa la watawa wa Mtakatifu Augustino mjini Ixmiquilpan, lililopambwa ndani katika nusu ya pili ya karne ya 16 na wachoraji wenyeji. Walipewa karatasi za kuchapwa kutoka Ulaya kama vielelezo. Michoro yao baadaye ilifunikwa kwa chokaa, ikaja kuonekana tena karne ya 20. Ukutani, jani la akantho linakimbia kwa urefu wa kanisa, kubwa, linajisokota kama alivyolichonga fundi yeyote wa Antwerp au Roma, na kutoka kwenye mizunguko yake wanachomoza viumbe nusu mtu nusu jani, pamoja na nusu farasi. Lakini wanaopigana nao ni wapiganaji wa Meksiko, wamevaa ngozi za chui wa huko na za mbwa mwitu, mikononi wana marungu yenye makali ya mawe ya volkano. Vinywani mwa baadhi yao kuna alama ndogo iliyojikunja. Katika uandishi wa picha wa watu wa Meksiko ya kale, alama hiyo ina maana kwamba mtu anasema.

Wachoraji hao walikuwa na mikunjo miwili mbele yao, mmoja uliozaliwa kwenye mto wa ngozi wa mchonga shaba na mwingine wa mababu zao, na wakaitumia yote miwili kwenye ukuta mmoja bila kuuficha wowote. Nicoletto alikuwa amejaza uwazi wa Warumi kwa mazimwi yake. Watu wa Ixmiquilpan walijaza jani lake kwa vita yao wenyewe.